Mleta mada, huyo straika wa ndondo mwache kwao kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako lote, jezi, nauli za mechi za ugenini, posho za wachezaji, ila nimekwama pale uliposema mmepanda daraja la tatu mkoa na mna straika wa ndondo, zile mechi za mtaani, "atakayetumia leseni ya mwenzake mpaka ya kwake itoke". Aisee, usithubutu!

Mimi nilikuwa katibu wa timu huku Korogwe, ligi ya mkoa wa Tanga. Zimebaki mechi mbili, straika wetu kaumia goti, tukampata mwingine wa ndondo, hana leseni. Akajitokeza mzee mmoja wa kijiweni, anajiita mtu wa usajili, eti ana mtu wake ndani ya mfumo. Akachukua laki na themanini. "Katibu, leseni iko njiani, we mchezeshe kwa ya yule dogo wa benchi, mbona wanafanana." Wanafanana wapi! Mmoja ana ndevu, mwingine ndio kwanza anatoka chunusi. Lakini ukiwa na njaa ya pointi, hata mbuzi na kondoo unawaona mapacha.

Kwenye ukaguzi kamisaa wa mechi akatazama picha kwenye leseni, akaita jina. Jamaa kimya, anafunga kamba za viatu. Nikamkanyaga mguu ndio akaitika "naam". Nilitakiwa niishie hapo. Dakika ya 20 hivi akapiga kichwa, nyavu zikatikisika, na jukwaa letu lote, wake kwa waume, likaanza kumwimba kwa jina lake la ndondo! Mashabiki wetu wenyewe! Katibu wa wapinzani wala hakubishana na mtu, akatoa simu akarekodi. Tukashinda 2-0, jioni tukala pilau.

Rufaa ikaingia na video yake. Tukapokwa ushindi, wenzetu wakapewa pointi 3 na mabao 3, sisi faini, mimi nikafungiwa. Hayo niliyameza. Yule dogo wa benchi ndiye aliyenimaliza: naye alifungiwa kwa sababu leseni ni yake, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Mimi ndiye niliyeichomoa kwenye bahasha. Mama yake alikuja akakaa kibarazani kwangu, hakupiga kelele, akauliza tu, "Katibu, mwanangu kakosa nini?" Nikajifanya naingia ndani kumletea maji.

Na yule mzee wa usajili? Hapatikani mpaka leo. Nasikia siku hizi anajiita wakala. Laki na themanini yangu imempandisha cheo.

Kwa hiyo leseni usiyoishika mkononi, yenye sura yake na jina la timu yako, mtu huyo hachezi. Hata kama mnatafuta sare tu. Hata akisema mwenyekiti. Na kama alishasajiliwa kwingine, wamwachie kwanza kwa barua, uhamisho upite kwenye mfumo wa TFF, shirikisho letu la mpira, wakati dirisha la usajili liko wazi, usipite kijiweni. Mnaotaka kufika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa ndio mtakaochunguzwa zaidi, maana kila mliyemfunga anatafuta pa kuwakamatia.

Uliuliza na jezi, eeh? Sisi seti nzima bado iko stoo, njoo uone. Namba 9 imevaliwa mara moja tu.