Kabla ya Kutoboa Webu ya Boriti ya Chuma

Katika kazi ya kukagua majengo nimezoea kukuta mafundi wa mabomba wakiiheshimu flanji ya boriti, yaani bamba pana la mlalo lililo juu au chini yake, na kuidharau webu. Flanji ni nene, kwa hiyo hudhaniwa kuwa ndiyo nguvu yote. Webu, yaani bamba jembamba la wima linaloshikanisha flanji ya juu na ya chini, huonekana kama nafasi ya kupitishia bomba tu.

Ni kweli kwamba flanji hupokea sehemu kubwa ya nguvu ya kupinda, ya juu ikigandamizwa na ya chini ikivutwa pale boriti inapoegemea ncha zake mbili. Hata hivyo, haziwezi kusaidiana bila webu. Laza mbao mbili zinazolingana, moja juu ya nyingine, kisha uzikalie katikati: zitapinda huku zikiteleza. Zikigandishwa kwa gundi zikawa kitu kimoja, ukakamavu wake huwa mara 4 ya ule wa awali. Mtelezo huo ndio unaozuiwa na webu, ambayo katika boriti ya umbo la I hubeba karibu nguvu yote ya mkato, yaani nguvu inayotaka kutelezesha sehemu moja ya boriti kando ya nyingine.

Mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa, nguvu hiyo huwa kubwa kabisa kwenye maegemeo na hupungua hadi 0 katikati ya boriti. Kwa sababu hiyo, tundu likiwa halina budi, mimi huelekeza likae mbali na maegemeo, katikati ya kina cha webu, liwe la mviringo, na lisiwe chini ya mzigo uliokusanyika mahali pamoja. Pembe kali za tundu la mraba hukusanya mkazo, na nyufa hupenda kuanzia hapo.

Unene nao una mipaka yake, kwani webu yenye kina kikubwa lakini nyembamba inaweza kujikunja kwa upande kabla chuma chenyewe hakijachoka. Ndiyo maana mabamba ya kukazia huchomelewa kwenye webu, juu ya maegemeo.

Tundu likishakatwa mahali pabaya, usikimbilie kuchomelea kiraka. Itegemeze boriti kwanza kwa nguzo za muda na umwite mhandisi, kwa kuwa kiraka kinachowekwa boriti ikiwa bado imelemewa hakipunguzi mkazo uliokwisha kuingia, bali husaidia kubeba mzigo utakaoongezwa baadaye tu.