Maswali ya Wasomaji: Mchunguzi wa Hataza Amekataa Mauntingi Yangu

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni fundi wa injini za ndege hapa uwanja wa Wilson. Nimebuni mauntingi, yaani kishikilio, ya injini ya pistoni yenye silinda 4, na nimeiombea hataza (patent): fremu ya mabomba ya chuma, raba 4 za kuzuia mtetemo, na kando ya kila raba pini ya akiba iliyofungwa kwenye injini na kupita kwenye tundu la fremu bila kugusa kingo. Raba au bolti kuu ikikatika, pini inadaka injini. Dai langu la 1, yaani sentensi inayotaja ninachotaka kilindwe, linasema: “Mfumo wa kushikilia injini ya ndege, wenye fremu, viungo vikuu vinavyobeba injini, na kiungo cha akiba kinachobeba mzigo kiungo kikuu kinapovunjika.” Raba ziko kwenye dai la 2, na nafasi kati ya pini na tundu kwenye dai la 4. Katika maelezo nimetaja pia kwamba tundu ni refu kuelekea chini kwa sababu raba hudidimia na umri, lakini hilo sikuliweka kwenye madai. Sasa mchunguzi anasema dai la 1 si jipya kwa sababu ya hati D1, na madai ya 2 hadi 5 hayana hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida angeyafikia mwenyewe, ukisoma D1 pamoja na D2. D1 ni injini ya jeti inayoning’inia chini ya bawa, D2 ni raba za injini ya pistoni. Yangu iko puani mwa ndege ndogo! Vinalinganishwaje? — Fundi, Nairobi West

JIBU: Ndugu Fundi, mchunguzi halinganishi ndege na ndege. Analinganisha maneno ya dai lako na maandishi yaliyotangulia, neno kwa neno. Uliandika “injini ya ndege”, na injini ya jeti ni injini ya ndege. Uliandika “fremu”, na pailoni inayoshika injini chini ya bawa inaingia humo bila shida. Kuhusu dai la 1, kwa jinsi unavyoeleza, mchunguzi yuko sawa. Usipoteze kurasa kubishana naye hapo.

Kiungo cha akiba ni wazo la zamani katika injini za jeti. Kwa kawaida mauntingi ya mbele hubeba uzito na nguvu za kando, ya nyuma hubeba hizo pamoja na msokoto, na fito maalumu hupeleka msukumo kwenye pailoni. Ganda la injini hurefuka likipata joto, kwa hiyo upande mmoja huachwa uteleze kidogo. Kiungo cha akiba hukaa kimelegea katikati ya haya yote, na hakibebi kitu mpaka mwenzake akatike. Fungua Espacenet au Patentscope, hifadhidata za hataza mtandaoni, zote bure, utafute kwa namba za uainishaji badala ya maneno: B64D 27/40, namba ya zamani B64D 27/26, F02C 7/20 ya ushikiliaji wa injini za gesi, na F16F 15/08 ya raba za mtetemo. Ripoti za ajali zilizochapishwa nazo huhesabika. Ile ya Boeing 747 ya El Al iliyoanguka Amsterdam tarehe 4 Oktoba 1992 inazungumzia kwa kina pini za pailoni, ambazo zimekusudiwa zikatike mzigo ukizidi ili injini ing’oke bila kurarua bawa. Dai pana kuhusu pini na kukatika kwake halina mahali pa kupita.

Nguvu yako iko kwenye ile sentensi uliyoiacha nje ya madai, ya tundu refu kuelekea chini.

Fikiria fundi wa kawaida anayechukua raba za D2 na kuzifunga kwenye muundo wa D1. Viungo vya D1 ni chuma kwa chuma na havisogei sana, hivyo nafasi ya akiba inatosha ikimeza joto na makosa madogo ya uchongaji. Ukiinakili nafasi hiyo kwenye injini iliyokalia raba, pini itagusa tundu kila injini inapotikisika. Mtetemo utaizunguka raba na kwenda moja kwa moja kwenye fremu, na pini itagongagonga tundu hadi lipanuke. Ukiongeza nafasi ovyo nako kuna hatari: bolti ikikatika, injini inashika kasi kabla ya kudakwa, na pini inapigwa na mzigo mkubwa kuliko uzito wa injini.

Tuseme raba yako husogea mm 3 juu na chini katika mishtuko, na katika maisha yake hudidimia mm 2. Chini ya pini, raba ikiwa mpya, unahitaji zaidi kidogo ya mm 5. Juu yake, zaidi kidogo ya mm 3 inatosha. Jumla ni kama mm 8. Tundu ambalo kitovu chake ni kimoja na cha pini lingehitaji mm 5 pande zote mbili, yaani mm 10, na injini iliyokatika bolti ingecheza zaidi. Hayo ndiyo manufaa ya kiufundi ambayo D1 haiwezi kuyafikiria, kwa kuwa haina raba ya kudidimia. Soma D2 kwa makini: ikiwa nayo haina pini ya akiba, haina sababu ya kukupeleka huko.

Dai jipya la 1 liwe hivi: “Mfumo wa kushikilia injini ya pistoni ya ndege, wenye fremu, raba zinazobeba injini juu ya fremu, na kando ya kila raba, pini ya akiba iliyofungwa kwenye injini na kupita kwenye tundu la fremu bila kugusa kingo zake, ambapo tundu ni refu kwa wima, na ndege ikiwa imesimama, kitovu cha tundu kiko chini ya kitovu cha pini raba ikiwa mpya, na juu ya kitovu cha pini raba ikishadidimia hadi kikomo chake.”

Kabla ya kuandika hivyo, hakikisha kila neno lina mzizi katika maelezo au michoro uliyowasilisha siku ya kwanza. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Ukiwa uliandika tu kwamba tundu ni “refu kuelekea chini”, sehemu ya kitovu kuwa juu ya pini baadaye inaweza kukataliwa kama kitu kipya, na utabaki na nusu ya kwanza ya sharti. Vipimo visivyokuwa katika maelezo huwezi kuviingiza kwenye dai, ila unaweza kuvitumia katika barua kama hoja ya kuonyesha faida. Usipime milimita kwa rula juu ya mchoro ambao hautaji skeli.

Peleka KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua yao, vitu vitatu: madai yenye alama za mabadiliko, nakala safi, na barua ya hoja inayotaja ukurasa na mstari wa kila badiliko. Mchunguzi akikubali kwamba dai ni jipya lakini ang’ang’anie hatua ya uvumbuzi, sheria ya Kenya ya 2001 inakuruhusu kugeuza ombi liwe la modeli ya matumizi, aina ndogo ya kinga ya uvumbuzi, kabla hataza haijatolewa wala kukataliwa. Hiyo haidai hatua ya uvumbuzi, ila kinga yake ni miaka 10 badala ya 20.

SWALI: Niliweka video ya kifaa changu mtandaoni miezi 7 iliyopita, na bado sijaomba hataza. Nimejiharibia? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Kwa Kenya bado. Ulichokifichua mwenyewe hakihesabiwi dhidi yako ikiwa ni ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe ya ombi, kwa hiyo umebakiwa na miezi 5. Kwa Ulaya umeshachelewa: video yako mwenyewe inatosha kuua upya wa dai. Marekani nao wana mwaka mmoja. Usichanganye muda huu na ile miezi 12 ya kipaumbele ya Mkataba wa Paris, ambayo huanza kuhesabiwa baada ya ombi la kwanza, si baada ya video. Iondoe video mtandaoni leo, ila ujue kuiondoa hakufuti tarehe yake.

SWALI: Nikipewa hataza, naweza kuifunga mauntingi yangu kwenye ndege? — Mwanafunzi, Embakasi

JIBU: La. Hataza inakupa haki ya kuwazuia wengine. Haisemi kifaa ni imara, na mchunguzi hakukokotoa mzigo wowote. Ruhusa ya kubadilisha muundo wa ndege ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na huko utaulizwa hesabu. Chukua kanuni za Marekani za ndege ndogo, Sehemu ya 23, jinsi zilivyokuwa kabla ya kuandikwa upya 2017: wastani wa msokoto wa injini ya pistoni huzidishwa mara 1.33 kwa silinda 5 au zaidi, mara 2 kwa silinda 4, mara 3 kwa silinda 3, mara 4 kwa silinda 2, kwa sababu silinda zikiwa chache mapigo huwa makali zaidi. Injini ya silinda 4 yenye nguvu farasi 160 kwa mizunguko 2,700 kwa dakika ina msokoto wa takriban newtoni-mita 422. Mara 2 ni 844, na kwa kigezo cha usalama cha 1.5 fremu istahimili 1,266 bila kuvunjika, pamoja na mizigo ya kuruka inayokuja wakati huohuo.

SWALI: Ndege ya kigeni ikitua JKIA ikiwa na mauntingi kama yangu, naweza kuishtaki? — Fundi, Pipeline

JIBU: Ikiwa imeingia kwa muda tu na imesajiliwa katika nchi mwanachama wa Mkataba wa Paris, hapana. Kifungu cha 5 ter cha mkataba huo, ambao Kenya imo tangu 1965, kinasamehe vifaa vilivyomo katika muundo au uendeshaji wa ndege ya namna hiyo. Anayeingiza nchini mauntingi kama yako ili aiuze, au anayeitengeneza hapa, hana msamaha huo.