Nasema "Sawa" Kabla Sijafikiri

SWALI: Mimi ni karani, nakaa Umoja, Nairobi. Mwenzangu kazini akinuna, tumbo hunikaza hata kama hana neno nami. Nikiombwa kushika zamu, mkopo au mchango wa harusi, naitikia sawa, kisha usiku silali. Mwezi huu nimechangia harusi tatu na kodi bado sijalipa. Watu husema nina roho nzuri. Mbona basi nimechoka hivi? – Mama wa wawili

JIBU: Dada, roho nzuri unayo, lakini hapo anayejibu ni hofu. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alieleza jinsi mwili uliohisi hatari unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Wataalamu wa baadaye waliongeza kuganda, kisha kujipendekeza: kumridhisha anayetisha ili atulie. Huo si unafiki. Mtu mwepesi wa kusoma nyuso huhisi hasira kabla haijatamkwa, na mwili wake hukimbilia kuizima.

Kwanza jipatie muda. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara tano. Kisha sema, "Nitakujibu kesho saa nne." M-Pesa usiifungue papo hapo.

Michango itengee kiasi chake baada ya kodi, tuseme shilingi 1,000 kwa mwezi. Zikiisha, andika: "Mwezi huu sitaweza. Nawatakia heri." Ishia hapo. Wengi huharibu kwa kuongeza sababu: ukisema mtoto anaumwa, utaambiwa basi tuma wiki ijayo. Ukishakataa, moyo utaenda mbio, viganja vitatoka jasho, utatamani kupiga simu kuomba radhi. Subiri nusu saa. Hali hiyo hupanda, kisha hushuka yenyewe; ukiituliza kwa kutuma pesa, mwili utazidi kuamini kwamba kukataa ni hatari kweli.

Anza na mtu asiyekutisha. Makanga akikaa na chenji yako, mdai. Bosi mwache awe wa mwisho.

Ila kama unayemridhisha hukupiga au hukutishia, zoezi hili usilianze kwake kabisa. Kumtuliza huenda ndiko kunakokulinda kwa sasa. Piga 1195, simu ya msaada ya Kenya kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, upangiwe kwanza njia salama pamoja na watoto.