Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndo mfumo wa wazee wetu? Jibu kwa mwalimu wa Singida

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari huko Singida, anafundisha Uraia, nalifupisha: "Wakili shikamoo. Wanafunzi wamenibana. Nimewafundisha kwamba wakoloni walituachia mfumo wa siasa usioendana na sisi, kwamba wazee wetu walikuwa wanakaa chini ya mti wanaongea mpaka wanakubaliana. Sasa wanauliza, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar ndo kurudi kwenye mfumo wa wazee? Kisheria inafanyaje kazi, na Bara tunaweza kuiga?"

Marahaba mwalimu. Jibu litakuwa refu kidogo, univumilie, maana hii mada naifanyia kazi na pia nimeiishi, mimi mzaliwa wa Wete.

Kwa maoni yangu kilichotuumiza zaidi kwenye urithi wa Mwingereza ni hesabu ya kura. Kila jimbo mtu mmoja, aliyezidi hata kwa kura moja kachukua, chama chenye majimbo mengi kinachukua serikali yote, na aliyeshindwa aende nyumbani akasubiri. Kwao Uingereza anayeshindwa anarudi kwenye kazi yake na maisha yanaendelea. Kwetu serikali ndo ajira, ndo ardhi, ndo kibali cha biashara, ndo nafasi ya mtoto kwenda kusoma, kwa hiyo kushindwa uchaguzi ni kukosa kila kitu, na watu wa upande mmoja wakikosa kila kitu kila mara hawawezi kukaa kimya.

Angalia Zanzibar yenyewe. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Kura moja mwalimu! Vyama vilikuwa vitatu: ASP (Afro-Shirazi) wakapata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3, halafu wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku mmoja kule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, serikali haiundiki. Ukarudiwa Juni mwaka huohuo na fujo zilizotokea zikaua watu 68. Julai 1963 wakapiga tena, ASP wakapata kama asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zao zilirundikana kwenye majimbo wanayoshinda kwa kishindo wakati wenzao wanashinda mengi kwa tofauti ndogo. Serikali wakaunda ZNP na ZPPP. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, na Januari 12 mwaka 1964 mapinduzi. Hata siku arobaini hazikufika.

Sisemi mapinduzi yaliletwa na hesabu peke yake, hapana, kulikuwa na ardhi, kulikuwa na kumbukumbu ya utumwa, na ubaguzi wa nani mwenyeji nani mgeni. Ila ukimwambia mtu mna wengi lakini mmeshindwa, na hakuna hata kiti kimoja cha wizara utakachompa, umemfungia mlango wa kupitia kwa amani.

Sasa hilo la wazee chini ya mti. Mwalimu Nyerere alilitumia sana kutetea chama kimoja, na sidhani kama alikuwa anadanganya, aliamini kweli. Na chama kimoja cha Bara kilikuwa na ushindani wake, mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, huyu jembe yule nyumba, na waziri wa fedha Paul Bomani akaangushwa na wananchi. Lakini kuna mambo mawili nataka wanafunzi wako wayaone. Kwanza, sehemu nyingi mama zetu hawakukaa chini ya mti ule, wala vijana, wala mtu wa ukoo mdogo, kwa hiyo yale "makubaliano" tuulize yalikuwa ya nani. Pili, wazee walikuwa wanaongea mpaka wakubaliane kwa sababu hakuna aliyeweza kumlazimisha mwenzake, ukimuudhi anahama na ng'ombe zake na mzee anabaki bila watu. Dola ya leo ina polisi na ina magereza, haina shida ya kukubaliana na mtu. Ndo maana ukichukua lile neno la makubaliano ukaliweka juu ya dola ya kisasa bila ile nguvu ya mtu kukataa, unachopata ni ukimya.

Hata taasisi za asili zenyewe zikiingizwa serikalini zinabadilika. Sheha huku Zanzibar ni cheo cha zamani kabisa, mtu wa mtaa anayewajua watu wake. Leo sheha anateuliwa kutoka juu, na bado ndo anayethibitisha nani mkaazi wa shehia, na bila kitambulisho cha mkaazi hupigi kura. Jina lilelile, kazi nyingine kabisa. Somaliland wao walienda mbali zaidi, baada ya mkutano mrefu wa koo mjini Borama mwaka 1993 wakawapa wazee nyumba kamili ya bunge, Guurti, wajumbe 82, na kwa kweli iliwasaidia sana kunyamazisha bunduki. Lakini Guurti imekuwa ikiongezewa muda tena na tena bila wajumbe wake kuchaguliwa na wananchi, na wajumbe wakifariki ndugu zao wanarithi viti.

Tuje kwenye SUK, yaani hiyo Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa 1995 Zanzibar ulitangazwa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8, na aliyepata hiyo 49.8 hakupata kitu. Nilikuwa mtoto, darasa la tano. Duka la jirani yetu lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, mama ananituma sukari duka la mbali kule barabarani kwa sababu jirani ni wa chama kile. Mama wa huyo jirani alipofariki nyumbani kwetu hakuenda mtu mazikoni. Kwa Muislamu wa Pemba kutomzika jirani yako ni jambo zito kuliko ninavyoweza kukueleza hapa. Januari 2001 ndo watu wakauawa kwenye maandamano na wapatao elfu mbili wakavuka na majahazi mpaka Shimoni, Kenya, Watanzania kwa mara ya kwanza wakawa wakimbizi.

Miafaka miwili ya CCM na CUF ilisainiwa, 1999 na 2001, haikushika. Kilichoshika ni Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokaa wawili, na Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Kisheria iko hivi. Rais anatoka chama kilichoshinda. Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, huyu ni mshauri mkuu wa Rais. Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais, yeye ndo anasimamia shughuli za serikali kwenye Baraza la Wawakilishi. Mawaziri wanagawanywa kwa uwiano wa viti Barazani. Kwa hiyo mwalimu, huu si mfumo wa wazee. Watu bado wanashindana, wanapiga kura, anahesabiwa mshindi, ila anayeshindwa anabaki ndani ya nyumba. Oktoba 2010 Dkt. Shein wa CCM akapata 50.1, Maalim Seif 49.1, na Maalim akakubali matokeo. Likizo iliyofuata nilirudi Wete nikamkuta jirani yetu amekaa barazani kwetu na baba, kahawa na kashata, wanabishana bei ya karafuu kama vile ile miaka yote haikuwepo.

Udhaifu wake ndo nataka usiwafiche wanafunzi. SUK inagawana madaraka BAADA ya kura, kura zenyewe haizilindi. Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akafuta uchaguzi wote wakati matokeo yameshaanza kutangazwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu mpaka mwisho wa 2020. Katiba ilikuwa ileile. Kususiana Pemba kukarudi. Tena ukiangalia kazi za Makamu wa Kwanza, kumshauri Rais, hakuna kifungu kinachomlazimisha Rais kumsikiliza, kwa hiyo mengi yanategemea roho ya aliyekaa kwenye kiti.

Ndo maana mimi ningeanza chini zaidi, kwenye namna kura inavyogeuka kuwa kiti. Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilipata asilimia kama 60 ya kura kikachukua viti 79 kati ya 80, mji wa Maseru ukachomwa na jeshi la Afrika Kusini likaingia. Wenzetu walikaa wakabadilisha hesabu. Kuanzia 2002 wakabakiza majimbo yale 80 na wakaongeza viti 40 vya kufidia vyama vilivyopata kura nyingi na majimbo machache. Siasa zao bado zina vurugu za miungano kuvunjika kila mara, sikudanganyi, lakini chama chenye watu robo ya nchi hakikai tena nje na kiti kimoja.

Bara kuiga? Inawezekana, ila Katiba ya 1977 ingebidi iguswe sehemu nyingi, na ya kwanza kwangu ingekuwa ibara ya 41(7), ile inayosema mtu akishatangazwa Rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Ukigawana uwaziri huku hiyo ipo, umeleta kilekile cha Zanzibar 2015. Na kwa wanaosema wananchi hawataki mageuzi, kumbuka Tume ya Nyalali, ile iliyowauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, waliotoa maoni zaidi ya robo tatu walitaka chama kimoja kiendelee, tume ikapendekeza vyama vingi kwa sababu wachache nao ni watu, na ikataja sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa.

Kwa darasa lako fanya hivi. Andika ubaoni: viti 31, chama A asilimia 54, waliobaki asilimia 46. Waambie wagawane viti kwa haki wanavyoona wao, bila kuwaambia ni nchi gani. Wengi watakupa A viti 16 au 17. Halafu ndo uwaonyeshe ile 13 ya mwaka 1963, uwape kipindi kizima wabishane.