Wasomaji Wanauliza: Nyimbo za Krismasi Nyumba kwa Nyumba

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili la Desemba zinahusu kuimba nyimbo za Krismasi mitaani na majumbani. Tumechagua tano. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu, kwa sababu mambo yaliyomo yanagusa kwaya na jumuiya nyingi.

SWALI: Mimi ni mwanakwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Kila Desemba ndugu zetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kwaya yetu huongezeka sana, na mwaka huu vijana wameomba tupite majumbani jioni tukiimba nyimbo za Krismasi. Mzee mmoja wa kanisa amepinga. Anasema kuimba barabarani ni desturi ya Kizungu, na kwamba mahali pa nyimbo takatifu ni kanisani. Je, hoja yake ina msingi?
*Mwanakwaya, Moshi*

JIBU: Mzee wenu ametoa hoja mbili kwa pamoja, nasi tutazijibu moja moja. Ile ya kwamba mahali pa nyimbo hizi ni kanisani pekee haiungwi mkono na historia. Kwa karne nyingi nyimbo za Krismasi zilikuwa mali ya watu wa kawaida, walioziimba barabarani, sokoni na milangoni mwa jirani zao, huku viongozi wengi wa kanisa wakizitazama kwa mashaka. Nchini Uingereza mashaka hayo yalifika mbali: mwaka 1647 Bunge lililotawaliwa na Wapuritani, yaani Waprotestanti wa msimamo mkali, lilipiga marufuku sikukuu yenyewe, na haikurudishwa rasmi mpaka ufalme uliporejea mwaka 1660. Hata baada ya hapo, kwa muda mrefu Kanisa la Anglikana liliidhinisha wimbo mmoja tu wa Krismasi, ule wa Nahum Tate wa mwaka 1700, unaosimulia habari za wachungaji waliokuwa wakilinda kondoo usiku, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 2. Kwa kuwa maneno yaliyoruhusiwa yalikuwa hayo hayo, waimbaji wa vijijini waliyatungia tuni nyingi, kila kijiji na yake. Baadaye, katika karne ya 19, vinanda vilipochukua nafasi ya wapiga fidla na waimbaji hao makanisani, watu wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Sheffield walizihamishia nyimbo zao katika baa za kijijini, na mpaka leo huziimba huko kuanzia Novemba hadi sikukuu yenyewe ipite.

Hata ile ibada maarufu ya masomo tisa na nyimbo, ambayo makanisa mengi ya Afrika Mashariki huifuata kila Desemba, ina asili inayomjibu mzee wenu vizuri. Katika mji wa Truro, kusini magharibi mwa Uingereza, wanakwaya walikuwa na desturi ya kuzunguka majumbani usiku wa kuamkia Krismasi. Desturi hiyo ndiyo iliyoingizwa ndani, na tarehe 24 Desemba 1880, saa nne usiku, Askofu Edward White Benson akaongoza kwa mara ya kwanza ibada ya masomo tisa, katika jengo la muda la mbao lililotumika wakati kanisa kuu likijengwa. King's College ya Cambridge iliichukua mwaka 1918, redio ikaanza kuitangaza mwaka 1928, na kutoka hapo ikaenea duniani. Kwa hiyo nyimbo zilitoka majumbani zikaingia kanisani. Vijana wenu wanaomba kuzirudisha zilikotoka.

Kwa kuwa ninyi ni Walutheri, mkumbusheni mzee jambo moja zaidi, kwa heshima. Martin Luther mwenyewe alitunga wimbo wa Krismasi kwa ajili ya watoto wa nyumbani kwake, uliochapishwa mwaka 1535, na ubeti wake wa kwanza aliujenga juu ya wimbo wa mchezo wa mafumbo uliopendwa na vijana wa mitaani wa siku zake. Hakuona kwamba wimbo umechafuka kwa kuwa ulipita barabarani.

Ama kuhusu Uzungu, ni kweli kwamba tuni nyingi tunazoimba zimetoka Ulaya, na ni kweli kwamba wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na vitabu vyao vya nyimbo, na kutoka Ujerumani huko huko zikaja tarumbeta ambazo leo ni fahari ya sharika nyingi za kaskazini. Lakini kumwendea jirani kwa wimbo ni jambo ambalo watu wa nchi nyingi wamelifanya kwa namna yao. Mexico waumini hupita nyumba kwa nyumba kwa siku tisa, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, wakiimba maombi ya kupewa malazi kama Yusufu na Mariamu, na wenye nyumba huwajibu kwa wimbo kutoka ndani. Nasi huku kwetu, ni arusi gani ambayo kundi la wanawake halikufika uani na wimbo midomoni kabla ya salamu kwisha? Kwa maoni yetu, mzee wenu ana haki katika jambo moja ambalo huenda ndilo linalomsumbua hasa: anahofia wimbo wa ibada usigeuke kelele za vijana usiku. Hofu hiyo ni ya kweli. Mwombeni afuatane nanyi, achague nyumba za kuanzia, na afunge kila kituo kwa sala.

SWALI: Sisi ni jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki. Mtaani kwetu majirani wengi ni Waislamu, na nyumba mbili zina msiba wa hivi karibuni. Tungependa kupita tukiimba nyimbo za Noeli bila kumkwaza mtu. Tufanye nini? Na je, ni vizuri kubeba kikapu cha sadaka?
*Katibu wa jumuiya, Dar es Salaam*

JIBU: Anzeni na hodi, nayo mwipige siku mbili tatu kabla, mchana, bila gitaa wala ngoma. Katibu na mtu mmoja mwingine wapite katika kila nyumba mnayokusudia kuiimbia, waeleze siku na saa, na wamwachie mwenye nyumba nafasi ya kusema hapana bila kuulizwa sababu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye apewe taarifa. Jumuiya ambayo haijapita hivyo isishangae ikikuta milango imefungwa.

Kwa majirani Waislamu, wengine watawakaribisheni kwa furaha na kuwatolea viti. Kisa cha kuzaliwa kwa Isa mwana wa Maryamu wanakijua, maana kimo katika Qurani, katika sura ya 19 iliyopewa jina la mama yake. Hata hivyo, kukijua kisa si kuyakubali maneno ya nyimbo zetu, ambazo karibu zote humwita mtoto huyo Mungu na Bwana. Si uungwana kumsimamisha jirani mlangoni pake mbele ya watoto wake, ayapokee kwa adabu maneno ambayo imani yake inayakataa. Sisi tungeshauri hivi: kama hawakuwaalika wenyewe, msiwaimbie, bali wapelekeeni sahani ya chakula cha sikukuu, kama wao wanavyowaleteeni pilau siku ya Idi. Angalieni pia saa. Mkianza saa kumi jioni mtakuwa mmemaliza kabla ya Magharibi, na adhana haitawakuta katikati ya ubeti mtaani.

Nyumba za msiba msizipite kama kwamba hazipo, kwa sababu wafiwa huona ni nani aliyewaruka. Ingieni kwanza, mkae, mtoe pole kama desturi. Kisha mmoja wenu, mwenye umri, aulize kwa sauti ya chini kama familia ingependa wimbo. Wakikubali, imbeni mmoja tu, wa taratibu, bila makofi na bila kigelegele, halafu mwondoke kimya hadi nyumba ya pili. Wapo wafiwa ambao wimbo wa Noeli utawaliza, na hilo si baya kama mtakuwa tayari kuketi nao mpaka watulie.

Kikapu tungeomba mkiache. Tunajua kwamba kwaya zina mahitaji, sare zinachakaa na nauli zimepanda, na kwamba nchi nyingi zina desturi ya kuwapa waimbaji chochote. Lakini kikapu kinapotangulia, mwenye nyumba asiye na kitu Desemba hii, ambaye ada za shule za Januari tayari zinamkosesha usingizi, atazima taa akijifanya amelala, na huyo huenda ndiye aliyeuhitaji wimbo kuliko wote. Mkikusanya kwa ajili ya hitaji maalumu, kwa mfano matibabu ya mwanajumuiya mmoja, lisemeni siku ile ya hodi ili kila mtu ajiandae au ajitoe kwa hiari yake. Vivyo hivyo spika ya kukodi haina kazi hapa. Watu kumi na wawili wakisimama uani wanasikika vizuri hadi chumba cha ndani, na jirani wa nyumba ya nne ambaye hakuombwa ruhusa hatalazimika kuwasikiliza.

Maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliweka ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo mbele ya mengine yote katika kazi yao ya kichungaji, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Nasi tungeongeza tu kwamba ratiba yenu ianze na wale wasioweza kufika parokiani: bibi aliyevunjika nyonga, mgonjwa anayelala sebuleni kwa sababu chumbani ni mbali na choo, mama aliyejifungua wiki iliyopita. Mkichoka, mchoke baada ya hao, si kabla.

SWALI: Kwaya yetu ya watoto haina kinanda cha kubeba. Tukiimba "Usiku Mtakatifu" nje, tunaanza vizuri lakini kufika karibu na mwisho watoto wanapiga kelele badala ya kuimba. Kosa liko wapi?
*Mwalimu wa kwaya, Kisumu*

JIBU: Mnaanzia juu mno. Mwanzo wa wimbo huo, ukiandikwa kwa solfa (herufi za sauti *d r m f s l t*, na alama ya ' ikionyesha sauti ya oktavu ya juu), unadanganya kwa sababu umetulia: *s l s m, s l s m*. Anayetoa sauti huusikia ukiwa mwepesi, akaupandisha. Lakini mstari wa kabla ya mwisho hupanda hadi *r' r' f' r' t d' m'*, na kutoka *d* ya chini unapomalizikia wimbo hadi *f'* hiyo ni oktavu nzima na sauti tatu juu yake, masafa marefu kwa koo la mtoto. Kabla hamjatoka nyumba moja kwenda nyingine, mwimbishaji aujaribu mstari huo wa juu kimoyomoyo, na akiona *f'* inambana, ashushe kisha ndipo atoe *s* ya kuanzia. Solfa tuliyorithi kwa John Curwen, mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyeiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, inafaa hasa kwa jambo hili, kwa kuwa *d* yake huhamishika na haidai kinanda.

Kama watoto ni wadogo sana, wafundisheni kwanza ule wimbo wa kushangilia wa Isaac Watts ("Joy to the World"), alioutoa katika Zaburi ya 98 na kuuchapisha mwaka 1719. Kwa tuni tuliyoizoea, mstari wake wa kwanza si kitu kingine ila ngazi yote ya solfa ikishuka, *d' t l s f m r d*, na mtoto anayeijua ngazi ameshaujua nusu.

SWALI: Ni kweli kwamba "Usiku Mtakatifu" ulitungwa kwa dharura kwa sababu panya walikitafuna kinanda cha kanisa?
*Msomaji, Bukoba*

JIBU: Habari ya panya ni hadithi iliyoongezwa baadaye. Maneno yaliandikwa na padri kijana, Joseph Mohr, mwaka 1816, miaka miwili kabla ya tuni. Tarehe 24 Desemba 1818, huko Oberndorf karibu na Salzburg nchini Austria, alimwomba mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber ayatungie muziki wa sauti mbili na gitaa, na usiku huo wakauimba wawili hao katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Waliousambaza ni familia za waimbaji wa bonde la Zillertal, waliousafirisha mji kwa mji katika safari zao.

SWALI: Padri wetu hataki tuimbe nyimbo za Krismasi wakati wa Majilio, lakini baada ya tarehe 25 kila mtu anaona sikukuu imekwisha. Tuzunguke lini?
*Kiongozi wa vijana, Muheza*

JIBU: Padri wenu anaifuata kalenda ya Kanisa, na kalenda hiyo hiyo inawapa muda mwingi kuliko mnavyodhani. Majilio ni kipindi cha kungoja na kina nyimbo zake. Krismasi huanza jioni ya tarehe 24 na huendelea angalau hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Tarehe 26 ni siku ya mapumziko nchini Tanzania na Kenya pia, waliosafiri kuja nyumbani wengi wao hawajaondoka, wapishi wamepumua, na kwaya haina ibada ya kuiandalia. Jitengeeni mchana wa siku hiyo kwa nyumba za karibu, na Jumamosi inayofuata kwa zile za mbali, kabla magari ya kurudi mjini hayajaanza kujaa.