Masika yanikute na miche

Mhariri, assalaam aleikum. Wiki hii mmetuuliza: "Ukitaka kuanzisha bustani nyumbani, uanze lini?" Mimi niko Langoni, Lamu, na nasema anza mwisho wa kaskazi, upepo wa kiangazi, jua likiwa bado kali. Usingoje mvua.

Mimi niliingoja miaka miwili. Mwezi wa Mei nikatia mbegu za nyanya na mchicha papo hapo uani, na mvua ya Mei huku kwetu inamwagika kama iliyopinduliwa. Mbegu zilisombwa hadi mferejini, na chache zilizochipua zikalazwa na upepo wa kusi kabla hazijashika mizizi. Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu anayeishi Toronto. Mwezi wa Machi, nje theluji imejaa, alinitumia picha ya vikopo vya nyanya vimepangwa dirishani. Huko nyanya husiwa ndani ya nyumba wiki sita hadi nane kabla ya baridi ya mwisho ya kugandisha, ili ardhi ikipata joto mche uwe tayari una shina. Nikaona hesabu hiyo hiyo inanifaa: yeye anaukinga mche na baridi, mimi naukinga na jua na mvua ya kupiga.

Basi mwanzo wa Machi nasia nyanya, biringani na pilipili kwenye makopo yaliyotobolewa chini, nayaweka nyuma ya kuti nililoliegemeza ukutani. Nyanya huchipua kwa wiki moja hivi, na zikitimiza wiki tano zinaweza kuhamishwa. Wakati huo maleleji, kipindi cha pepo kubadilika, yanaisha na mawingu yameanza kukaa. Pilipili huchelewa zaidi. Kunde na bamia hazipendi kung'olewa, hizo nazifukia palepale zitakapokaa.

Kazi hasa ni maji. Jirani zetu wa kijiji cha Shela wana maji matamu chini ya matuta yao ya mchanga, lakini kisima chetu cha mtaani, kaskazi ikifika mwisho, chumvi unaisikia ulimini. Mche mchanga hauivumilii, kingo za majani huungua zikawa kahawia. Maharagwe ndiyo dhaifu kabisa, nimeyaacha. Kwa hiyo maji ya kisima hayagusi makopo yangu. Nimeweka karai mahali pa kutawadhia. Nyumba ya watu watano, sala tano, ikifika jioni maji yanatosha miche yote, tena hayana sabuni. Yale ya kuoshea mchele nayo hayamwagwi.

Mbolea tunayo, maana punda wamejaa. Lakini mbichi ina moto, na ina mbegu za magugu tele. Ikusanye mapema, iloweshe, ifunike, mpaka ukitia mkono ndani usisikie joto. Usiipunguze, kwa sababu ardhi yetu ni ya matumbawe, ina chokaa nyingi, na mmea usiolishwa hugeuka manjano huku mishipa ya majani imebaki kijani. Mchanga wa ufuoni usiuchukue hata ukiwa mlangoni pako.

Paka wa mji huu wakiona udongo laini huufanya choo. Laza matawi ya mndimu yenye miiba juu yake.

Miaka hii Ramadhani inaangukia humu humu, Februari na Machi, na jirani zangu huniuliza nani ana nguvu ya kushika jembe na saumu. Natoka baada ya alasiri, nusu saa tu, kivuli kikiwa kimeshaufika ukuta. Na ni mwezi huo huo ambao nyanya zinavuka bahari kutoka Mokowe, upande wa bara, zimesinyaa, na bei imepanda, na kila mama anazihitaji kabla ya magharibi. Hilo huniuma, kwa sababu uani mwetu panatosha.

Leo makopo ni kumi na tisa. Shimo la mndimu wa pili nimeshalichimba nyuma ya ukuta, mahali kusi haipafikii, na mbolea iliyoiva imo ndani.