Uache mahindi kabisa? Jibu kutoka Jilore

Ndugu, umeuliza kama uache mahindi kabisa kwenye hizo ekari tatu ulizoachiwa na mzee kule Kakuyuni, halafu uchukue mkopo wa pampu ukalime kando ya mto Sabaki. Mimi nalima Jilore, huku huku Malindi, si mbali nawe, na nakujibu hapana kwa yote mawili. Mahindi yapunguze, usiyaache. Pampu isubiri.

Udhaifu wa mahindi ni kwamba hayajui kungoja. Jua likiyakuta yanatoa mbelewele, wiki mbili bila mvua zinatosha kukuachia mabua matupu, hata kama yalianza vizuri namna gani. Muhogo hupukutisha majani, ukasimama, mvua ikirudi ukachipua tena. Toka mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya maana, na huku kwetu nyumba zilizokuwa na muhogo shambani ndizo zilizopata cha kutia chunguni. Kwa hiyo ekari moja nzima ipe muhogo kabla hujafikiria kingine.

Ila mbegu ya muhogo usiokote popote. Kibandameza ni mtamu, sote tunaupenda, lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaumaliza: juu unaona majani mazuri, ukichimbua unakuta mzizi umeoza ndani kwa mabaka. Ugonjwa husafiri kwenye pingili zenyewe, vile vipande vya shina tunavyopanda, na inzi weupe wanausambaza zaidi. Kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kimetoa aina zinazostahimili, kama Tajirika, Karembo na Shibe. Uliza nani karibu nawe anazo, nenda uone shamba lake, mwombe akuchimbulie shina moja ulikate kabla hujalipa. Asiyekubali, achana naye.

Mahindi yabaki sehemu unayoweza kuipalilia vizuri. PH4, mahindi chotara, ilitengenezwa kwa ajili ya Pwani na hukomaa kwa takriban miezi minne, lakini ni mbegu ya kununua kila msimu. Mimi huweka na mistari ya mdzihana, mbegu ya wazee, kwa sababu naichagua mwenyewe ghalani na msimu ukiharibika sidaiwi dukani. Changanya na kunde. Vuli, ambayo siku hizi ni ya kubahatisha zaidi, ipe pojo, yaani choroko: miezi miwili na kitu umevuna.

Sasa la muhimu kuliko mbegu, na ndilo watu wa mikutano hulipitia haraka: maji ya mvua ya kwanza yanakwenda wapi? Siku hizi inanyesha kwa kishindo siku moja, kisha kimya. Kama ardhi yako imeshikana, chimba mashimo ya zai, yale madogo ya kupandia yanayokusanya maji, wakati wa kiangazi, tia samadi, panda humo humo. Kama ni mchanga mtupu, usijichoshe na mashimo. Tia samadi kwa wingi na ufunike udongo. Na tafadhali, mabua usichome. Najua utaratibu wetu ni kufyeka na kutia moto, tumerithi hivyo, lakini ule moto unakula kile kile ambacho kingeshika unyevu. Mchwa watakuja, ni kweli, na ng'ombe wa wafugaji nao watayataka mabua hayo, kwa hiyo zungumza na wenye mifugo mapema.

Kuhusu mto. Sabaki ilivunja kingo 2018, na mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zikaleta mafuriko tena. Nimeona jirani akipoteza pampu na mipira yote usiku mmoja, na deni likabaki. Kiangazi nako viboko hutoka usiku kula mboga. Ukitaka mto, kodi kipande kidogo na pampu ya kukodi kwa msimu mmoja, uone.

Mpakani panda mivinje. Baada ya miaka minne, mitano, nguzo zake zinauzika kwa wajenzi Malindi mjini, na hapo ndipo pesa ya pampu itoke, si kwenye mkopo. Yale mashimo ya zai anza mwezi wa kwanza, maana mvua za mwaka, yaani masika, zikiingia ardhi ikiwa bado haijachimbwa, msimu huo umeshakupita. Pingili za muhogo ukizikosa Kakuyuni, niandikie, nitakukatia zangu.